Tumekishusha Kiberenge

Ng'ambo, Tabora
Jumanne, 11 Agosti

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili, na ninaomba barua hii ikukute wewe, babu, bibi na wote wa Usoke mkiwa wazima na mmeshamaliza kazi ya tumbaku. Kifua cha babu kinaendeleaje? Na yule mbuzi mwekundu aliyekuwa anakaribia kuzaa, alizaa salama? Hayo yote nimekosa mtu wa kumuuliza, maana ukiona namba ya baba hupokei, nami sina simu nyingine. Sikulaumu, mama. Ndiyo sababu nimempa barua hii jirani yetu mama Shukrani, anayekuja Usoke kwa treni kumwona dada yake. Ameniahidi kwamba ataiweka mkononi mwako, si mwa mtu mwingine.

Hapa nyumbani tuko wawili tu. Mkono wangu bado haujajua kupika ugali wa watu wawili. Kila siku unabaki, na asubuhi nakula kiporo kwa chai kabla ya kwenda shule. Baba akirudi na lori la tumbaku ananisalimia, anauliza kama maji yametoka, kisha anakaa kwenye kiti chake akiangalia mlango. Jioni treni ya Kigoma ikipiga honi, anaacha kutafuna kidogo. Wote wawili tunajua itapita Usoke.

Shuleni ninaendelea vizuri. Kidato cha tatu ni kigumu, hasa fizikia, lakini sijashindwa. Mwezi uliopita mwalimu wa historia alitupeleka Kwihara, akatuonyesha mahali ilipopita njia ya misafara ya kwenda Ujiji, akatueleza jinsi watu wetu walivyokuwa wapagazi hodari, wakibeba mizigo hadi pwani na kurudi. Nilinyoosha mkono nikauliza waliobaki nyumbani walikuwa wanajuaje kama mtu wao yuko njiani. Mwalimu alifikiri, akasema hayo hayakuandikwa sana. Wenzangu walicheka mpaka wakaegemeana, na tangu siku hiyo wananiita Mke wa Mpagazi. Nimewazoea.

Sasa, mama, nataka kukueleza habari za Kiberenge. Najua ukiona jina hilo utataka kuikunja barua. Naomba usiikunje.

Nitaanza mwanzo ingawa mengine unayajua kuliko mimi, ili uone mambo kwa mpangilio ule ule nilioyaona. Unakumbuka baba alivyorudi nalo lile gari la milango miwili, alilonunua kwa yule mtaalamu wa nyuki aliyemaliza mkataba wake na kurudi kwao. Lilikuwa la zamani, lakini lilikuwa gari la mbio, jekundu, na lilikaa chini sana hata watoto wa mtaa wakaliita Kiberenge, kama kile kigari cha mafundi wa reli. Baba alisema mtu anayeendesha lori wiki nzima anastahili, angalau Jumapili, kuendesha kitu kinachokimbia. Wewe ulicheka ukamwambia akukimbize basi sokoni ukanunue dagaa.

Lakini njia ya kwa mkweo, bibi Recheli, kule Ipole, ukishaacha lami, ni mchanga, visiki na matuta, na Kiberenge kilikuwa kinajikuna tumbo. Hapo baba akafanya kama anavyofanya kila mtu huku mwenye gari la chini: akaliinua. Fundi Majidi alikata vipande vinene vya tairi la lori akaviweka juu ya springi za mbele, na gari likasimama juu kama ng'ombe anayeamka. Mtaa mzima ulisifu. Hata mimi nilisifu, nikaomba nipande kwanza.

Baada ya hapo ndipo ulipoanza kusema kwamba unasikia kitu kinagonga mbele, ko, ko, ko, kila ukipita kwenye tuta. Ulikuwa unaendesha wewe mara nyingi kuliko baba, kwa sababu ya biashara yako ya asali, na ulimwambia zaidi ya mara moja. Baba alikujibu kwamba hizo ni chupa zako za asali zinazogongana kule nyuma. Ukaacha kusema.

Siku ile ya mvua ulipomfuata bibi Ipole ili aje kliniki, mimi nilikuwa shuleni. Niliyoyajua niliyasikia kwa watu: kwamba gurudumu la mbele la kushoto lilijikunja chini ya gari, Kiberenge kikaingia kwenye shamba la tumbaku, bibi akavunjika mtulinga, na ndoo za asali zikapasuka hata nyuki wakaja kwa wingi, waliokuja kusaidia wakakimbia kwanza ndipo wakarudi. Kwenye kikao cha ukoo shangazi Suzana alisema gurudumu halivunjiki lenyewe, kwamba ulipanda tuta kwa kasi, na kwamba gari la mwanaume likiingia mikononi mwa mwanamke mwisho wake ni huo. Bibi naye hakuweza kusema lolote, maana njiani alikuwa amesinzia. Wewe ulisema gurudumu lilitangulia kutoka, ndipo gari likaacha njia. Wote wakamgeukia baba. Baba akasema yaliyopita yamepita.

Nilikuona ukifunga nguo zako, mama. Hukupiga kelele. Ulimwambia tu kwamba utarudi siku atakayosema ukweli mbele ya watu wale wale, na kwamba ukweli ukisemwa jikoni peke yake hautakusaidia. Mimi ulinibusu ukaniambia nibaki kwa sababu ya shule. Nimebaki.

Kiberenge kilikaa uani chini ya turubai mpaka Sabasaba ikapita. Ndipo baba akamwita Fundi Majidi aje kukitengeneza pale pale nyumbani. Unamfahamu Fundi Majidi na makelele yake. Bado anadai kwamba serikali ikimkabidhi treni wiki moja, haitachelewa tena. Ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa nimemaliza kufua, kwa hiyo nikawa msaidizi wa kutoa spana. Alinitania asubuhi yote. Nikimpa kumi na nne alipotaka kumi na saba, anauliza kama shuleni kwetu hesabu huwa tunazisoma au tunaziimba.

Walipiga jeki, kisha wakaweka magogo ya mninga chini ya gari, maana fundi alisema jeki ni rafiki wa mdomoni, usilale chini yake. Upande wa kushoto, ule uliovunjika, haukuwa na la kusema, kila kitu kilikuwa kimepinda. Lakini fundi akaenda upande wa kulia, ambao haukugonga chochote, akalishika gurudumu juu na chini akalitikisa. Likacheza, mama. Likacheza kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Akamwita baba alishike mwenyewe. Baba akalitikisa, akaacha, akalitikisa tena.

Fundi alifungua akanionyesha mimi pia, kwa sababu nilikuwa nimeinamia kuliko wote. Kuna kitu kinaitwa boljointi. Ni kifundo, kama cha nyonga, kinacholishika gurudumu kwenye mkono wake wa chuma na kuliacha ligeuke. Gari likiinuliwa kwa zile raba, mkono ule unaning'inia kwa kuinama sana, na kichwa cha kifundo kinakaa upande kwenye kikombe chake, kinakula ukingo kila tuta. Mpira wake ulikuwa umechanika, grisi imeisha, ndani kumejaa mchanga wa Ipole. Fundi alisema kifundo cha kushoto kingetoka hata kama dereva angekuwa malaika, na cha kulia kilikuwa kinasubiri zamu yake.

Baba akamwambia kwamba yeye fundi ndiye aliyeliinua. Fundi akasimama, akafuta mikono, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa mama Shukrani kwamba alimwambia bwana Tobias gari la mbio si gari la mashimo, bwana Tobias akamwambia inua, naye akainua, kwani mteja ni mfalme. Kisha akauliza ilikuwaje hakuna mtu aliyesikia, maana kifundo kikifika hapo lazima kipige kelele, ko, ko, ko. Baba aliangalia chini, na mimi nilimwangalia yeye. Nilikuwa nimeshika spana mbili na sikujua nizipeleke wapi.

Tangu siku hiyo baba aliifanya kazi ile kama mtu anayeandaa harusi. Fundi alitaka kuchonga bushi, ile mipira ya kwenye maungio, kwa tairi kuukuu kama zamani. Baba akakataa, akaagiza mpya Dar es Salaam. Boksi la kwanza likaja na vifundo vya gari la milango minne, havikuingia, vikarudishwa. Vya pili vilipofika, baba akasema vibadilishwe pande zote mbili, pamoja na bushi, shokapu na springi. Fundi alitaka kuibana springi kwa waya ili isimfyatukie, akasema amefanya hivyo miaka yote na pua yake bado ipo. Baba alimwambia pua hiyo ni moja, akangoja mpaka kikaletwa kibanio chenyewe kutoka gereji moja ya Igunga kwa lori la mchele. Mwisho wakatoa zile raba, wakanyoosha kamba pembeni mwa magurudumu kuona kama yanatazama mbele, na Kiberenge kikashuka. Watoto wa mtaa wakaja mbio wakiimba kwamba Kiberenge kimechuchumaa.

Mama, nilidhani jioni ile baba ataniambia nilete simu tukupigie, au nilete kalamu. Nilipika mapema. Nilikaa karibu. Baba alinawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko, akala, akasema gari limekuwa zuri. Kesho yake akalisugua. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, akalisugua tena. Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa analiomba radhi gari. Nilijaribu mara moja kumwambia kwamba ulisikia ile sauti. Akaniambia nikasome.

Sijawahi kuwa peke yangu kama wiki zile. Ulipoondoka nilikuwa nakukosa wewe tu. Lakini kukaa nyumba moja na mtu anayejua jambo, nawe unalijua, naye anajua kwamba unalijua, halafu mnazungumza habari za maji, hilo lilikuwa gumu zaidi. Nilikuwa nachelewa makusudi kutoka shuleni, nikasaidia kufagia hata darasa lisilo zamu yetu.

Jumamosi iliyopita bibi Recheli alitualika Ipole. Bega lake limepona na alitaka kumshukuru Mungu pamoja na ukoo. Tulikwenda na Kiberenge. Kwenye lami kilikwenda vizuri, kimetulia, hakuna kinachogonga, na baba alikaza macho mbele njia nzima. Tulipofika Ipole tulikiacha mbele ya duka la mzee Mahona, tukaingia kwa miguu, maana sasa hakiwezi tena njia ile.

Walikuwa wamejaa. Mzee wa kanisa la Moravian aliomba, tukala wali na kuku. Shangazi Suzana alikuwa anapakua huku akichangamsha watu, na alipofika kwa baba akamwongezea paja akasema, kula kaka, leo umeendesha mwenyewe, ndiyo maana tumekutana hapa na si hospitali. Watu wakacheka. Baba aliangalia sahani yake. Niliingoja, mama. Nilisimama na birika la kunawisha nikaingoja ile sentensi moja. Baba akachukua kijiko.

Wakati huo bibi akaniita. Unajua tangu nikiwa mdogo ananitania kwamba mimi na yeye tuliolewa na babu mmoja, na kwamba mimi ndiye mke mdogo niliyekuja kumharibia nyumba. Akaita kwa sauti, mke mwenza, njoo uninawishe, au unafurahi kwamba nimevunjika ili ubaki na mume peke yako? Watu wakaanza kucheka tena, wakingoja nimjibu, kama kawaida yetu.

Mtoto hawezi kumsahihisha baba yake mbele ya ukoo, hilo ulinifundisha na ninalishika. Lakini mke mwenza si mtoto. Nilimwagia maji mikononi, nikasema kwa sauti ile ile ya utani kwamba mke mwenza asinilaumu mimi, alaumu uzazi wetu, maana mwanetu Tobias tulimzaa na masikio lakini tukasahau kumzaa na mdomo. Walicheka sana. Nikaendelea kusema kwamba mwanetu aliliinua gari kwa raba za lori kama kitanda cha wageni, mkwe wetu akamwambia kila siku gari linagonga, yeye akasema ni chupa za asali; kifundo kikatoka, mke mwenza akavunjika, na sasa mwanetu amebadilisha kila kitu katika gari hilo isipokuwa maneno.

Kicheko kiliishia njiani. Shangazi Suzana akasema hayo mtoto amelishwa na mama yake. Bibi akamwambia anyamaze, kwamba mimi si mtoto pale, ni mke mwenza wake, na utani wa wake wenza hauingiliwi na watoto wao. Kisha akamgeukia baba, naye hakuwa anatania tena. Akamuuliza, Tobias, raba gani?

Baba aliweka sahani chini. Halafu akasema yote. Alisema yeye ndiye aliyeagiza gari liinuliwe. Alisema fundi alimwonya. Alisema hata gurudumu la upande wa pili, ambalo halikugonga kitu, lilikuwa limekwisha vile vile, na kwamba angeweza kuwa yeye aliyekuwa anaendesha, au asingebaki mtu wa kusimulia. Alisema uliisikia sauti ile na ukamwambia, na siku ya kikao akanyamaza kwa sababu aliona aibu mbele ya dada zake. Na alitaja jina lako, mama. Tangu uondoke alikuwa anasema "yule" au "mama Eustadia". Pale alisema Apolinaria.

Shangazi hakuomba radhi. Alikusanya sahani akazitoa nje ingawa wengine hawajamaliza. Bibi alijipapasa bega, kisha akasema ametoka Ipole mara ya mwisho akiwa ameendeshwa na Apolinaria, na hatapanda gari lile tena mpaka Apolinaria awe kwenye usukani. Kama haiwezekani, kliniki ataendelea kwenda kwa bodaboda, na akianguka lawama ni ya wanawe. Alilisema mbele yao wote, na mzee wa kanisa akaitikia amina, sijui kama alikusudia.

Tulipokuwa tunarudi baba alishika usukani kwa mikono yote miwili. Niliogopa, nikawa nalia kwa kuangalia dirishani. Tulipopita Sikonge aliniuliza kama nasikia baridi, akafunga kioo cha upande wangu. Basi. Nyumbani alivua viatu, akasema kwamba Jumapili hii atakuja Usoke kwa treni, na shangazi atakuja naye akitaka asitake, kwani bibi ameamuru. Akaniambia nisikuandikie, atakuja kusema mwenyewe.

Nimemkaidi, na hili ndilo nililotaka ulijue kabla hujamwona. Ningeweza kukaa kimya ukasikia tu kwamba baba alisimama mbele ya ukoo akakusafisha, nawe ungefurahi, na huenda ungerudi upesi. Nataka urudi, mama. Nataka hata ugali uache kubaki. Lakini baba hakusimama mwenyewe. Nilimsukuma, na kama bibi asingeniita ninawishe mikono, sidhani kama angesema. Ulikuwa umeomba ukweli, na ukweli wenyewe ni huo, pamoja na sehemu hiyo. Ukiona hautoshi, nitaelewa, nitaendelea kusoma.

Ila nakuomba kitu kimoja. Baba akifika hapo atasifu mbuzi wa babu. Atauliza bei ya tumbaku mwaka huu, ataeleza treni ilivyochelewa, na shangazi atamsaidia kujaza maneno. Wewe una huruma, mama, utataka kumrahisishia. Usimsaidie. Mpe kiti, mpe maji, halafu unyamaze mpaka amalize mbuzi wote. Anajua kusema sasa, nimemsikia kwa masikio yangu. Mwache afike.

Nisalimie babu na bibi, umwambie babu apunguze kukaa kwenye moshi wa bani la kukaushia tumbaku. Nisalimie mama mdogo Martha na wanawe, na wote wanaoniulizia. Mama Shukrani atarudi Ijumaa. Ukiwa na neno la kunipa, hata fupi, mpe yeye. Mungu akulinde na kukuweka.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Eustadia Tobias